Kaporogwe au Sanje: maporomoko yapi uyafuate na kamera yako

Likizo ikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya wapenda picha wa Mbeya na Iringa huanza mjadala ule ule: twende Kaporogwe au tujikaze tufike Sanje? Na mara nyingi mjadala huamuliwa kwa mita. Sanje yanashuka mita zipatazo 170, Kaporogwe ni kama 40 tu, basi Sanje yameshinda, tuchangishane nauli.

Huo ni upimaji wa mtu asiyebeba kamera. Mita 170 za Sanje zimekatika kwa hatua, na ukiwa ndani ya msitu unaona kipande kimoja kimoja. Ukitaka kuyaona yote kwa pamoja itabidi urudi nyuma hadi bondeni, na huko maji yatakuwa uzi mweupe uliochorwa mlimani. Kwa mpiga picha, swali la kwanza ni atasimama wapi, na la pili ni atakaa pale kwa muda gani. Ukiyapima maporomoko haya kwa maswali hayo mawili, matokeo hubadilika.

Kufika

Kaporogwe yapo wilayani Rungwe, kusini mwa Tukuyu. Kutoka Mbeya unapanda kosta ya Tukuyu au Kyela, unapita Uyole, Isyonje na Kiwira, na baada ya kilomita 70 hivi uko Tukuyu. Lala hapo. Asubuhi panda gari la kuelekea Kyela, shuka Ushirika, kisha bodaboda ikuingize ndani kupitia migombani. Patana bei ya kwenda na kurudi, na ueleze wazi kwamba utakaa saa nyingi. Dereva aliyezoea watalii wa dakika kumi na tano atakupigia honi ukiwa bado unafungua tripodi. Ukimlipa nusu mwanzoni na nusu mkirudi, subira yake huongezeka.

Sanje ni habari nyingine. Yapo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo imekalia mikoa miwili, Iringa na Morogoro. Watu wa Iringa hupenda kusema "Udzungwa ni yetu", na kweli sehemu kubwa ya milima iko kwao, ila maporomoko yenyewe yametazama upande wa pili, bonde la Kilombero. Kwa hiyo unashuka Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi, unakata kulia kuelekea Kidatu na Mang'ula. Ni kama kilomita 250 kutoka Iringa mjini, na zaidi ya 500 kutoka Mbeya. Weka muda wa ziada kwa ajili ya Kitonga, kwa sababu lori moja likiharibika kwenye kona zile, foleni haina mwenyewe. Kijiji cha Sanje utakipita kabla ya kufika Mang'ula, lakini usishuke: ofisi ya hifadhi iko mbele, kama kilomita kumi hivi, na huko ndiko unakolipia na kupewa mwongozaji kabla ya kurudi kuanza njia.

Kwa mtu wa Mbeya mwenye Jumamosi na Jumapili tu, mjadala umeishia hapa. Mtu wa Iringa bado ana la kufikiria, maana Kaporogwe kwake ni kilomita 400 hivi na Sanje ni karibu zaidi.

Kutembea

Hapa Sanje hayana mpinzani, na sioni haja ya kuyatetea Kaporogwe. Kule Rungwe unashuka kwa miguu kipande kifupi tu, kati ya migomba, kangaga na vichaka, kisha umefika. Ni mandhari ya mashamba yenye korongo la kijani katikati. Ukiyaita msitu, wenyeji watakucheka.

Njia ya Sanje ni msitu wa kweli, na kwenda na kurudi hula saa nne na zaidi kutegemea pumzi zako. Unaanza chini, mita mia tatu hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye joto lenye unyevunyevu linalolowesha shati kabla hujaona mti wa kwanza mkubwa. Kisha mlima unasimama. Mizizi imetambaa njiani kama ngazi, vigogo vina mbawa zinazoweza kumficha mtu mzima, na juu matawi yanatikisika: mbega wekundu wa Udzungwa, ambao wapo kwenye milima hii na misitu ya jirani bondeni tu. Ukibahatika utamwona na mangabei wa Sanje, nyani wa kijivu ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wanakijiji walikuwa wakimsikia kila siku. Mwongozaji anatembea na wewe kwa sababu hifadhi hii ina tembo na nyati pia, kwa hiyo wazo la kumtangulia ili upate picha isiyo na mtu liache ofisini.

Ila kumbuka kila kilichomo kwenye begi unakipandisha mwenyewe. Kamera moja, lenzi mbili, tripodi, maji lita mbili, chakula, koti la mvua: hapo umefika kilo nane bila kujua. Wenye busara huacha lenzi moja, na lenzi ya kuacha ndiyo tatizo lenyewe. Mbega anataka lenzi ndefu na shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ya haraka, 1/500 ya sekunde kwenda juu, na kwa kuwa chini ya miti kuna giza, ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, itapanda hadi 1600 au 3200. Maji yanataka lenzi pana, tripodi na ISO 100. Hizo ni safari mbili ndani ya begi moja. Ukiniuliza, chukua lenzi pana na umwangalie mbega kwa macho yako.

Utasimama wapi

Hapa Kaporogwe yanaanza kulipa deni. Rungwe ni nchi ya volkeno: juu kuna mwamba mgumu wa lava, chini yake tabaka laini zaidi ambalo maji na unyevu hulimega kidogo kidogo. Matokeo yake ni pango pana nyuma ya maji, na unaweza kutembea ukaingia humo, mto ukiwa unaanguka mbele ya uso wako. Kwa hiyo una sehemu tatu au nne za kusimama zisizofanana hata kidogo: juu ukiangalia chini, pembeni kwenye njia, chini karibu na bwawa, na nyuma ya pazia la maji.

Picha ya kutoka pangoni ndiyo watu wengi huiharibu. Ndani ni giza, nje ni mwangaza mkali, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe hujaribu kupatanisha: mwamba unakuwa wa kijivu na maji yanaungua yakawa karatasi nyeupe isiyo na kitu. Pima mwanga wa nje. Kwenye simu, gusa sehemu ya maji kwenye kioo, shikilia hadi ijifunge, kisha shusha mwangaza kwa kidole hadi uone nyuzi za maji. Pango litakuwa jeusi, na liwe jeusi tu, ndiyo fremu yako. Mwombe mwenzako asimame ukingoni, ubavu ukielekea kwako, mikono ikiwa imeachana kidogo na kiwiliwili ili kivuli chake kisomeke kama mtu. Akiweka mikono mfukoni anakuwa gogo.

Milima ya Udzungwa ni miamba ya kale sana, sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale ya Tanzania na Kenya, na pale Sanje mto unashuka ngazi kwa ngazi juu ya mwamba huo mgumu. Unapata mabwawa ya kuoga na mahali pa kutazama pembeni ya njia, na ukigeuka nyuma unaona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yametandazwa hadi macho yanachoka. Picha hiyo ya bonde, kwa maoni yangu, mara nyingi inashinda picha ya maji yenyewe. Lakini sehemu za kusimama ni zile zilizopo kwenye njia. Hutoki nje ya njia kutafuta pembe yako, mwongozaji hatakubali na hana kosa.

Mwanga

Ukuta wa Udzungwa unatazama mashariki. Jua la asubuhi linaupiga moja kwa moja, na mchana ukipinda mlima unaanza kujifunika kivuli chake. Shida ni kwamba wengi huanza kutembea asubuhi ili kukwepa joto, wakafika kwenye maji saa nne au saa tano, wakati nusu ya maporomoko inawaka na nusu imo kwenye kivuli kizito cha miti. Hakuna kamera inayoshika vyote viwili kwa pigo moja. Njia ni kuomba kuanza mapema sana kadiri ofisi inavyoruhusu, au kukaa kule juu hadi kivuli kitulie, jambo ambalo mwongozaji hatalipenda kama kuna wageni wengine wanaosubiri. Au omba mawingu.

Rungwe mawingu hayaombwi. Eneo la Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku nyingi anga ni shuka la kijivu. Mtalii analalamika, mpiga picha anachekelea, kwa sababu wingu linalainisha mwanga, majani yanarudisha kijani chake halisi na maji yanabaki na umbo. Nikiona jua kali Tukuyu saa sita mchana, bora niende sokoni kununua ndizi.

Maji laini au maji makali

Watu wengi wanataka yale maji yanayoonekana kama hariri. Yanapatikana kwa kuiacha shata wazi kidogo: tripodi, ISO 100, apacha (tundu la lenzi) f/11, kisha jaribu robo sekunde, nusu sekunde, sekunde moja. Kilichosahaulika ni umbali. Ukiwa karibu na Kaporogwe, maji yanapita haraka mbele ya lenzi na robo sekunde inatosha, ukizidisha nyuzi zote zinapotea. Ukiwa umesimama mbali na hatua ndefu ya Sanje, maji yale yale yanaonekana yakisogea polepole kwenye fremu, kwa hiyo utahitaji sekunde moja au mbili kupata ulaini huo huo.

Kama una pesa ya filta moja tu, nunua polaraiza. Inaondoa mng'ao kwenye majani na miamba iliyolowa, kazi ambayo kompyuta haiwezi kuirekebisha vizuri baadaye, na inapunguza mwanga kiasi cha kutosha kuchelewesha shata ukiwa chini ya miti. Filta ya giza, ile ya kupunguza mwanga tu, itafuata mfuko ukinona.

Wenye simu wasijitoe. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Samsung zina sehemu ya Pro ambapo unashusha ISO na kuongeza muda wa shata. Kwenye iPhone piga ikiwa Live imewashwa, kisha kwenye picha yenyewe chagua Long Exposure. Tatizo la simu ni kutulia. Shona kamfuko ka kitambaa, tia nusu kilo ya maharage, lilaze juu ya jiwe na uibanze simu hapo. Weka taimu ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Jioni maharage yanakwenda sufuriani, jambo ambalo hakuna tripodi iliyowahi kulifanya.

Kisha kuna manyunyu. Kaporogwe, hasa mto ukiwa umejaa, yanakurushia ukungu wa maji ambao unafika kwenye kioo cha lenzi kabla hujalenga. Funika lenzi kwa kitambaa, weka taimu, futa na uondoe kitambaa sekunde ya mwisho. Mwavuli husaidia, na dereva wa bodaboda aliyekwisha kuchoka kusubiri huwa tayari kuushika. Sanje tatizo ni jingine: kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitoka nje kwenye joto la Mang'ula, kioo chote kinalia machozi. Iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu.

Malipo na vibali

Udzungwa leta kitambulisho cha NIDA ili ulipe kiwango cha raia, na uwe na salio la kutosha kwenye simu au kadi, maana malipo ya hifadhi huenda kwa kontroli namba na si kwa noti mkononi. Kuna kiingilio, kuna mwongozaji, kuna nauli ya kurudi hadi mwanzo wa njia. Kaporogwe malipo ni madogo zaidi, beba noti ndogo ndogo. Kwa jumla, ukiondoa nauli ya mbali, Sanje bado yatakugharimu zaidi, na mkiwa watu wanne au watano ndipo inapoanza kuleta maana. Droni usiipeleke kokote kati ya huko bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi utahitaji ruhusa ya hifadhi yenyewe juu yake.

Usikanyage kijani

Kuna sababu ya kuambiwa ubaki njiani ambayo haihusu kuteleza peke yake. Kwenye ukuta huo huo wa Udzungwa, kusini zaidi, kuna maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996 waligunduliwa pale vyura wadogo wa manjano wanaozaa badala ya kutaga, waliokuwa wakiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko hayo tu, kwenye eneo la hekta chache. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakauka. Vyura karibu 500 walisafirishwa hadi Bronx Zoo, New York, na waliobaki wakaendelea kupungua, ugonjwa wa kuvu nao ukawapiga. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Walianza kurudishwa mwaka 2012. Kwa hiyo lile zulia la kijani kwenye mwamba uliolowa, pembeni ya maporomoko yoyote, ni makazi ya mtu. Na ili usibebe kuvu kama hiyo kwenye viatu, visafishe kabla ya kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, na tope la Rungwe lisipande Udzungwa.

Miezi

Mvua za nyanda hizi huanza Novemba na kuisha Mei. Machi na Aprili maji ni mengi kupita kiasi: Kaporogwe yanaweza kuwa ya kahawia kwa udongo wa mashamba ya juu, na njia ya Sanje inakuwa sabuni. Mwishoni mwa Mei hadi Julai ndio muda mzuri wa Kaporogwe, maji bado yapo na yameanza kutakata, ila beba sweta kwa sababu baridi ya Tukuyu ya Juni haina utani. Sanje naipenda Juni hadi Septemba, njia ikiwa imekauka. Mto unapungua lakini haukauki, kwa kuwa msitu ulio juu yake bado mzima. Wakati wowote, ukiwa bwawani na ukaona maji yamebadilika rangi au majani makavu yameanza kushuka kwa wingi, toka haraka. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu wakati kwako jua linawaka.

Ukishachagua

Anayechagua Kaporogwe asirudi Mbeya mikono mitupu: Daraja la Mungu (daraja la asili la mwamba) na Kijungu, pale mto Kiwira unapojipenyeza kwenye mwamba, vipo njiani karibu na Kiwira. Kijungu kipo eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo jitambulishe getini na uulize kabla ya kutoa kamera. Kwa siku ya tatu kuna Ziwa Ngozi.

Anayepita Njombe na hana siku nzima aangalie maporomoko ya Luhuji, karibu kabisa na mji. Picha nzuri utapata, msitu hutapata.

Na kwa wale ambao bado wanataka mita, basi waende kwenye mita za kweli: Kalambo, mkoani Rukwa, mpakani na Zambia, maji yanayoanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Ni Tunduma, Sumbawanga, kisha Matai, safari ya siku nzima kutoka Mbeya. Kule unapiga picha kutoka juu kuelekea kwenye korongo. Beba lenzi ndefu kwa ajili ya ndege, korongo marabu, wanaozaliana kwenye kuta za bonde, nenda Aprili au Mei kabla mto haujakonda, na kamba ya kamera ifunge mkononi kabla hujasogea ukingoni.